Waya wa Shaba Unapostaafu: Somo kwa Wenye Biashara na Taasisi za Kata

Neno "simu" tulilipokea kutoka Kiajemi, ambako "sim" maana yake ni waya. Waliotutangulia walikiita chombo hiki kwa jina la kile walichokiona: uzi mrefu uliopita juu ya nguzo ukaingia ofisini, posta au kituo cha polisi. Leo wengi wetu tunatembea na simu mfukoni na hatuoni waya wowote. Hata hivyo, waya ule wa kale haujatoweka. Bado unaingia katika hoteli, viwanda, benki, hospitali, shule na ofisi kadhaa za umma, na mara nyingi unafanya kazi ambazo mwenye jengo mwenyewe amekwisha kuzisahau.

Waya huo sasa unastaafishwa duniani kote. Kampuni za simu zinahamisha wateja wao kutoka shaba kwenda kwenye mkongo wa nyuzi za kioo, ambao mitaani tunauita faiba, au kwenye mitandao ya simu za mkononi. Mabadiliko haya ni mema kwa jumla, lakini yana mitego. Biashara iliyojiandaa huvuka bila mteja kutambua lolote. Biashara isiyojiandaa huweza kupoteza namba yake ya miaka ishirini, kukuta kengele ya moto haina mawasiliano, au kushindwa kuita msaada siku umeme umekatika. Somo hili limeandikwa ili mkazi wa kata mwenye duka, nyumba ya wageni, karakana, zahanati au chama cha akiba na mikopo ajue la kufanya kabla siku hiyo haijafika.

1. Waya wa shaba ulifanya kazi gani

Simu ya mezani ya asili huunganishwa na kituo cha kubadilishia simu kwa jozi ya nyaya mbili nyembamba za shaba. Sauti ya msemaji hugeuzwa kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa kuifuata sauti hiyo, na upande wa pili mkondo huo hugeuzwa tena kuwa sauti. Alexander Graham Bell alipata hataza ya chombo hiki nchini Marekani mwaka 1876, na kwa zaidi ya karne moja msingi wake haukubadilika sana.

Jambo moja la waya huu linastahili kukaziwa, kwa kuwa ndilo linalowaponza wengi wakati wa kuhama. Umeme unaoendesha simu ya shaba hautoki katika jengo la mteja. Unatoka katika kituo cha simu, ambako kuna betri kubwa na jenereta, nao husafiri katika waya uleule unaobeba sauti, kwa nguvu ya volti 50 hivi. Ndiyo maana simu ya zamani iliendelea kulia hata mtaa mzima ukiwa gizani. Mteja hakununua betri na hakuweka sola. Kituo kilimbebea mzigo huo kimyakimya, naye akadhani kuwa simu haihitaji umeme kabisa.

Faiba haiwezi kufanya hivyo. Uzi wa kioo hubeba mwanga, wala haupitishi umeme. Kifaa kinachopokea mwanga huo, pamoja na ruta na simu yenyewe, vyote vinategemea umeme wa jengo lako. Umeme ukizimika na huna akiba, simu yako imezimika. Kwa lugha nyingine, mzigo uliobebwa na kituo cha simu umehamia mabegani mwa mteja. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, nalo halionekani kwa macho.

2. Kwa nini shaba inaondolewa

Sababu ya kwanza ni uzee wa mitambo. Vituo vingi vya simu vilifungwa mitambo iliyobuniwa katika miaka ya 1970 na 1980. Vipuri vyake havitengenezwi tena, na mafundi walioifahamu kwa undani wanastaafu mmoja baada ya mwingine.

Sababu ya pili ni uwezo. Intaneti inayopita katika shaba hudhoofika kadiri mteja anavyokaa mbali na kituo. Akivuka kilomita tano hivi, anachopata ni kidogo mno. Faiba inayosambazwa majumbani huweza kumfikia mteja aliye umbali wa kilomita ishirini bila kupungua kwa namna hiyo.

Sababu ya tatu ni gharama na uharibifu. Maji yakiingia katika kebo ya shaba, laini huanza kukoroma. Radi ikipiga karibu, waya huibeba nguvu yake hadi ndani ya nyumba. Tena shaba ina bei sokoni, kwa hiyo wezi huikata na kuiuza kama chuma chakavu, na usiku mmoja wa wizi huacha mtaa mzima bila mawasiliano. Faiba haina thamani kwa muuza chakavu, ingawa mara nyingine hukatwa na wasiojua ni nini.

Hapa Tanzania hali ina sura yake. Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kutokana nalo ikazaliwa Kampuni ya Simu Tanzania, ambayo kwa sheria ya mwaka 2017 iligeuzwa kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Wananchi wengi hawakuwahi kumiliki simu ya mezani. Waliruka kutoka kibanda cha simu moja kwa moja hadi simu ya mkononi. Katika takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, laini za mezani ni chini ya moja katika kila laini mia. Uchache huo usitufanye tudharau jambo hili. Laini chache zilizobaki aghalabu ziko mahali penye uzito: mapokezi ya hospitali, ofisi za serikali, benki, hoteli na viwanda. Wakati huohuo TTCL na kampuni binafsi zinaendelea kupeleka faiba mijini na katika makao makuu ya wilaya. Maadamu mpya inakuja, ya zamani haitadumu milele.

3. Tunachojifunza kutoka Uingereza

Kwa kuwa nchi nyingine zimetutangulia, ni busara kuuliza wao waliteleza wapi. Ufaransa ilisitisha uuzaji wa laini mpya za simu za mtindo wa zamani Novemba 2018. Nchini Hispania, kampuni kuu ya simu imevifunga vituo vyake vya shaba. Hata hivyo mfano unaofundisha zaidi ni Uingereza.

Huko, mpango wa awali ulikuwa kuzima mtandao wa simu wa zamani kufikia Desemba 2025. Maandalizi yalianza kwa majaribio katika miji miwili, Salisbury na Mildenhall, kisha Septemba 2023 uuzaji wa laini za mtindo wa zamani ukasimamishwa nchi nzima. Mambo yalionekana kwenda vizuri hadi lilipojitokeza tatizo ambalo halikupewa uzito wa kutosha.

Uingereza ina wazee na wagonjwa wengi wanaoishi peke yao. Wengi wao huvaa kitufe shingoni au mkononi. Mzee akianguka hukibonyeza, na kifaa kilichounganishwa na simu ya mezani hupiga katika kituo cha msaada. Serikali ya nchi hiyo imewakadiria watumiaji wa vifaa hivyo kuwa milioni 1.8. Vifaa vingi vilitengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba. Baadhi ya wateja walipohamishwa kwenye laini mpya, kitufe kilibonyezwa na upande wa pili hapakulia kitu. Baada ya serikali kuarifiwa matukio mazito ya aina hiyo, Desemba 2023 kampuni kubwa za simu zilitia saini ahadi ya kutowahamisha wateja bila ridhaa yao mpaka usalama wa wanaotegemea vifaa hivyo uhakikishwe. Mwaka uliofuata siku ya mwisho ilisogezwa mbele hadi 31 Januari 2027.

Mambo matatu yanajitokeza katika kisa hicho. La kwanza, kampuni ya simu inajua namba yako, lakini haijui umeunganisha nini nyuma ya soketi. Mwenye jengo ndiye pekee anayeweza kujua. La pili, mtu anayeumia si yule mwenye simu tatu za mkononi, bali ni mnyonge aliyeutegemea waya mmoja. La tatu, halmashauri za huko zililazimika kushirikiana na kampuni za simu ili kuwatambua wanaotegemea vifaa vya dharura, jambo ambalo lingekuwa jepesi zaidi kama orodha zingeandaliwa mapema.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu, nasi tuliweke wazi. Kuzimwa kwa huduma ya simu ya zamani si lazima kuwe kuondolewa kwa waya wenyewe siku hiyohiyo. Mahali pengine waya wa shaba hubaki kwa muda ukibeba intaneti peke yake, huku simu ikipita ndani ya intaneti hiyo. Kwa hiyo usidhani kwamba uko salama kwa sababu waya bado unaning'inia kwenye nguzo. Swali la kuuliza ni je, huduma ipi inapita humo, nayo itakoma lini?

4. Vilivyojificha nyuma ya soketi

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni ya kufikirika yenye vyumba kumi na vinne. Ukimuuliza meneja kama anatumia simu ya waya, atajibu kwamba wageni wote hupiga kwa simu za mkononi, kwa hiyo waya hauna kazi. Lakini mtu akipita na tochi akifuata nyaya chumba kwa chumba, atakuta mambo mengine kabisa.

Nyuma ya kaunta kuna kituo kidogo cha simu kinachounganisha mapokezi, jikoni na vyumba vya wageni. Juu ya mlango wa stoo kuna kisanduku cha kengele ya wizi, ambacho usiku hupiga kwa kampuni ya ulinzi. Katika ofisi ya uhasibu kuna faksi ambayo wakala mmoja wa utalii bado anaitumia kutuma uthibitisho wa nafasi. Getini kuna spika inayolia mapokezini. Na ubao wa barabarani, kadi za biashara, mihuri pamoja na vitabu vya utalii vilivyochapwa miaka kumi iliyopita vyote vina namba ya mezani. Waya ambao meneja alisema hauna kazi unabeba ulinzi, usalama wa wageni na jina la biashara.

Vifaa vinavyostahili kutafutwa katika jengo lolote ni hivi:

Kengele za wizi na za moto zinazopiga simu zenyewe.
Simu ya dharura ndani ya lifti.
Faksi.
Mashine za kadi za benki za aina ya zamani.
Vituo vidogo vya simu vya ofisini.
Spika na vitufe vya getini.
Mita na vipimo vinavyotuma taarifa kutoka mbali, kama vile vya matangi ya maji, mafuta au majokofu ya chanjo na dawa.
Intaneti ya modemu inayopita katika waya wa simu.

Baadhi ya vifaa hivyo vitafanya kazi katika laini mpya bila shida. Vingine vitahitaji kiunganishi maalumu. Vingine havitafanya kazi kabisa, au vitafanya kazi leo na kushindwa kesho. Faksi ni mfano mzuri: hutuma milio iliyopangwa kwa uangalifu, na mtandao wa intaneti, unaokatakata sauti vipandevipande na kuvipanga upya, unaweza kuivuruga milio hiyo ukurasa ukiwa nusu. Mashine nyingi za kadi na mashine za risiti za kodi hapa nchini tayari hutumia laini ya simu ya mkononi, lakini usibahatishe. Geuza mashine uangalie waya wake unaelekea wapi.

5. Hatua za maandalizi

Hatua ya kwanza: hesabu laini zako. Chukua ankara za miezi mitatu ya karibuni uandike kila namba unayolipia. Si ajabu kukuta laini unayoilipia ambayo hakuna anayejua iko wapi. Usiikate haraka, huenda ndiyo ya kengele ya moto.

Hatua ya pili: fuata waya. Anza pale unapoingia katika jengo, uufuate mpaka mwisho wake wote. Andika kila kifaa, chumba kilipo, mtengenezaji wake na umri wake. Kazi hii ifanywe na watu wawili, mmoja wao awe mfanyakazi wa siku nyingi. Mlinzi au mhudumu wa zamani mara nyingi anajua siri za jengo kuliko mkurugenzi.

Hatua ya tatu: muulize aliyekiuza kifaa. Kwa kila kifaa mwulize fundi au kampuni iliyokifunga: je, kitafanya kazi kwenye laini ya intaneti? Jibu la maneno matupu halitoshi, omba liandikwe. Katika kengele za moto na lifti swali hili ni la lazima, kwa kuwa kosa lake halilipwi kwa fedha.

Hatua ya nne: chagua njia mpya. Kimsingi zipo mbili. Moja ni simu inayopita katika intaneti ya faiba. Nyingine ni kifaa cha mezani kinachotumia laini ya simu ya mkononi. Ya kwanza huzifaa ofisi zenye simu nyingi. Ya pili hulifaa duka au zahanati yenye simu moja, mahali ambapo faiba haijafika. Ukichagua ya pili, hakikisha kifaa hakitegemei mitandao ya kizazi cha pili au cha tatu pekee. Mitandao hiyo nayo inazeeka. Kampuni za Uingereza zimekubaliana kuwa hazitaitumia kupita mwaka 2033. Si hekima kuhama kutoka nyumba inayobomolewa kwenda nyingine iliyokwisha kuwekewa alama ya kubomolewa.

Hatua ya tano: pima uwezo wa intaneti yako. Wengi hudhani simu hula intaneti nyingi. Sivyo. Mazungumzo ya simu moja huhitaji kilobiti 100 hivi kwa sekunde kila upande. Simu tano kwa pamoja huhitaji nusu megabiti tu. Kinachoharibu mazungumzo si uhaba wa kasi bali ni kuchelewa na kuyumba kwa mtandao, hasa wageni kumi wanapotazama filamu kwenye laini hiyohiyo. Mwombe fundi aipe sauti kipaumbele katika ruta. Ni kazi ya dakika chache, nayo huzuia malalamiko ya mwaka mzima.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kukata. Kwa majuma kadhaa, endesha laini ya zamani na mpya pamoja. Piga kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Lizisha kengele kwa makusudi, baada ya kumwarifu mlinzi, uone kama kituo cha ulinzi kimepokea. Zima swichi kuu ya umeme uone nini kinabaki hai. Jaribio lisilofanywa mchana kwa hiari litajifanya lenyewe usiku bila hiari.

Hatua ya saba: andika na ubandike. Karatasi moja ukutani ieleze namba za dharura, mahali betri ilipo, na nani aitwe laini ikianguka. Mfanyakazi mpya wa zamu ya usiku asilazimike kumwamsha meneja ili aulize.

6. Hesabu ya umeme

Kwa kuwa umeme ndio mtego mkubwa, tufanye hesabu moja pamoja. Geuza chaja ya kila kifaa usome kibandiko chake, kisha zidisha volti kwa ampea upate wati. Tuseme ruta inasoma volti 12 na ampea 1, yaani wati 12. Kisanduku cha faiba kinasoma volti 12 na ampea 0.5, yaani wati 6. Simu ya mezani inakula wati 2. Jumla ni wati 20.

Betri ndogo inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, ya volti 12 na ampea-saa 7, ina akiba ya wati-saa 84, yaani 12 mara 7. Gawanya 84 kwa 20, utapata saa nne na dakika kumi na mbili. Lakini hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Betri ya risasi na asidi haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema, na sehemu ya umeme hupotea njiani katika kugeuzwa. Kwa hiyo tarajia chini ya saa mbili.

Kama mtaani kwako umeme huweza kukatika kwa saa sita, unahitaji wati-saa 120 za kutumia kweli. Ongeza maradufu ili usiishushe betri kupita nusu, unafika 240. Weka na ziada ya upotevu, unafika 300 hivi. Hiyo ni betri ya volti 12 yenye ampea-saa 25 au zaidi. Mwenye paneli ya sola tayari ana njia rahisi. Asiye nayo alinganishe bei ya betri na hasara ya jioni moja bila simu.

Nchini Uingereza mdhibiti wa mawasiliano ameziagiza kampuni kuwapatia wateja wanaoitegemea simu ya mezani pekee njia ya kupiga namba za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Kwetu sisi, ambako umeme huweza kukatika kwa muda mrefu zaidi, mwenye biashara asikipime kipimo hicho kuwa kinamtosha. Afadhali kila jengo pia liwe na simu ya mkononi iliyochajiwa na yenye laini ya mtandao unaoshika vizuri mahali hapo, na kila mfanyakazi ajue kwamba namba ya dharura hapa nchini ni 112.

7. Namba ni mali

Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City nchini Marekani, alikuwa akipoteza wateja kwa sababu mwendesha swichibodi wa mji, mke wa mshindani wake, aliwaelekeza wapigaji kwa mumewe. Kwa hasira akabuni mtambo unaounganisha simu wenyewe bila mkono wa mtu, akapata hataza yake mwaka 1891, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Ukweli wa kisa cha mke wa mshindani ni wa wasimuliaji, lakini fundisho lake linabaki: mteja akipiga asipokupata, hakusubiri, huenda kwa jirani.

Kwa hiyo, kabla hujatia saini mkataba mpya, uliza kwa maandishi: je, namba yangu ya sasa itabaki? Kama haitabaki, je, wanaoipiga wataelekezwa kwenye namba mpya, na kwa muda gani? Usikate laini ya zamani kwa hasira ya ankara na kutaraji kuirudisha baadaye; namba iliyoachwa huweza kupotea moja kwa moja. Uliza pia gharama ya kufunga, ada ya kila mwezi, muda wa mkataba, na nani atakuja kutengeneza, ndani ya siku ngapi, laini ikikatika.

Kadhalika jihadhari na matapeli. Kila mabadiliko makubwa huwa msimu wao wa mavuno. Watapiga wakidai kuwa laini yako inakatwa leo usipotuma fedha, au wataomba namba ya siri ili "wakuhamishe". Watakuja mlangoni na fulana yenye nembo. Mtoa huduma halali haombi namba ya siri, wala hakuagizi utume malipo kwenye simu ya mtu binafsi. Mgeni akija, mwombe kitambulisho, kisha piga wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye ankara yako ya zamani, si ile anayokupa yeye.

8. Tusiwaache nyuma wanyonge

Somo hili limeandikwa kwa wenye biashara, lakini biashara haiko peke yake katika mtaa. Zahanati iliyo na jokofu la chanjo, shule ya bweni, kituo cha kulea wazee na jirani mgonjwa wote wanaweza kutegemea laini moja. Mkutano wa mtaa au wa kijiji ni mahali pazuri pa kuuliza: nani kati yetu ana simu ya waya, na inamsaidia nini? Orodha fupi ikiandaliwa na kufikishwa kwa mtendaji wa kata, yeye anaweza kuifikisha halmashauri na kwa mtoa huduma kabla ya fundi kuja na koleo. Hilo ndilo waliloligundua wenzetu wa Uingereza baada ya madhara, nasi tunaweza kulifanya kabla ya madhara.

Tarehe ya kuzimwa kwa laini yako itatoka kwa mtoa huduma wako mwenyewe. Mwandikie barua umwulize, uitunze nakala. Akikujibu, bandika jibu karibu na simu. Asipokujibu ndani ya muda wa kutosha, unayo haki ya kupeleka malalamiko TCRA, ambayo ndiyo msimamizi wa huduma za mawasiliano nchini.

Maswali ya kujipima

Msomaji, kabla hujalikunja jarida hili, keti na wafanyakazi wako mjibu maswali haya kwa pamoja.

1. Je, jengo letu lina laini ngapi za waya, na kila moja inaishia kwenye kifaa gani?
2. Umeme ukikatika saa mbili usiku, ni simu ipi itakayolia saa nne usiku?
3. Kengele yetu ya moto au ya wizi inapiga kwa njia gani, na ilijaribiwa lini mara ya mwisho?
4. Namba yetu ya mezani imeandikwa wapi kote, na ikibadilika tutawajulishaje wateja?
5. Katika mtaa wetu ni nani asiye na njia nyingine ya kuita msaada isipokuwa waya huo?

Ukiweza kujibu maswali yote matano, umekwisha kuvuka nusu ya safari. Ukikwama kwenye moja, anzia hapo kesho asubuhi. Shoka na gogo ni vya msituni, na waya nao ulikuwa na wakati wake. Umetumika kwa uaminifu, ukabeba habari za misiba na za harusi, ukatuunganisha na miji ambayo hatukuwahi kuiona. Tuuage kwa heshima, lakini tusiuache uondoke na kengele zetu.